Serikali ikikana damu ya mkimbizi: namna ninavyoisoma kauli yake

Kwanza nunua daftari. Simu huibwa, na taarifa iliyowekwa mtandaoni asubuhi huweza kubadilishwa mchana bila kukuaga. Mimi natumia kaunta buku la kwaya tatu, lile la jalada gumu ambalo wenye maduka huandikia madeni. Nimekaa dawati la habari za kigeni redioni, Dar es Salaam, tangu nikiwa binti mpaka nywele zimeingia mvi. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza taarifa za mashirika ya habari kuwa Kiswahili kabla ya saa 2 usiku. Madaftari ninayo manne. Humo hamna siri yoyote, mna kauli za watu tu.

Kila anapouawa mpinzani, mwandishi au jasusi mtoro nje ya nchi yake, na nchi hiyo ikatajwa, fungua ukurasa mpya. Piga mistari upate safu nne: siku na saa, aliyesema, kitenzi alichotumia, na ya nne, iliyo pana kuliko zote, iache tupu. Watoto wa fildi niliowafundisha walikuwa wakiniuliza ile tupu ya nini. Nitaifikia.

Jina la kwanza katika daftari la kwanza ni Seth Sendashonga. Alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Rwanda baada ya mauaji ya kimbari, akatolewa kwenye baraza Agosti 1995, akahamia Nairobi na kuanza kuisema serikali aliyoitumikia. Mei 16, 1998, siku ya Jumamosi, mnamo saa 11 jioni, alimiminiwa risasi barabara ya Forest akiwa ndani ya gari la mkewe, aliyekuwa mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa. Dereva naye alikufa. Usiku ule mhariri wa zamu alitaka tuandike ujambazi, na sikumlaumu, maana Nairobi ya miaka ile kuporwa gari kwa bunduki kulikuwa kama kupanda daladala. Mzee mmoja wa chumba cha habari ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi sikuwa na akili ya kuliuliza: huyu hawakumpiga risasi mwaka juzi? Nikaenda kwenye majalada. Kweli, Februari 1996 alipigwa risasi hapohapo Nairobi akanusurika, na mfanyakazi mmoja wa ubalozi wa Rwanda akakamatwa na bastola. Kenya iliomba kinga yake ya kidiplomasia iondolewe ashtakiwe, Rwanda ikakataa, na mambo yakachacha mpaka ubalozi ukafungwa.

Kwa hiyo kabla hujasoma kauli ya leo, tafuta ya juzi. Mtu wa namna hii mara nyingi haanzi kuuawa siku anayokufa. Aliwahi kuponea chupuchupu, au alinyang'anywa pasipoti, au ndugu zake waliobaki nyumbani waliwekwa ndani.

Sasa tuje kwenye kitenzi, maana hapa ndipo waandishi wa Kiswahili tunapojikwaa kila siku. Tuna kukana na tuna kukanusha, na magazeti yanayatumia kama pacha. Kukana ni kusema si mimi. Kukanusha ni kulivunja dai kwa kuonyesha kwamba si kweli. Mshtakiwa hukana mashtaka. Mwenye risiti hukanusha deni. Serikali inapotoa mistari miwili kwamba haihusiki, hiyo imekana. Ukiandika imekanusha, umeipa risiti ambayo haijaitoa. Na kuna la tatu, hatuna taarifa, ambalo si kukana wala si kukanusha, ni mlango ulioegeshwa tu. Liandike lilivyo.

Nami nimeteleza, tena nikiwa na daftari mkononi. Oktoba 2018 niliandika kwamba Saudi Arabia "imethibitisha" kuwa mwandishi Jamal Khashoggi alitoka ubalozini. Haikuthibitisha kitu, ilidai. Msikilizaji wa Tanga alipiga simu kesho yake, mwanamume mwenye sauti ya upole, akaniuliza: mama, hiyo picha akitoka mmeiona? Sikuwa na la kumjibu. Nimefundisha kwa kesi hiyo tangu siku ile, kwa hiyo wacha niufungue ukurasa wake wote.

Oktoba 2, saa 7:14 mchana, Khashoggi anaingia ubalozi mdogo wa nchi yake mjini Istanbul kuchukua hati za kumwezesha kuoa. Mchumba wake, Hatice Cengiz, anabaki nje na simu zake. Hatoki. Kauli ya kwanza: alikuja, akatoka. Siku tatu baadaye Mwanamfalme Mohammed bin Salman anarudia hayohayo katika mahojiano yaliyochapishwa siku hiyo, na kuongeza kwamba Waturuki wanakaribishwa kupekua. Siku moja tena, balozi mdogo anawatembeza waandishi wa Reuters ndani ya jengo, anafungua hadi makabati. (Mtu mzima anapokufungulia kabati kukuonyesha kwamba mtu mzima mwenzake hamo, weka alama ya kuuliza pembeni.) Usiku wa kuamkia Oktoba 20 kauli inageuka: amekufa, humohumo, kwa ugomvi wa ngumi. Kesho yake waziri wa mambo ya nje anasema ni kosa kubwa, limefanywa na watu waliovuka mamlaka yao. Oktoba 25 mwendesha mashtaka wa Saudi Arabia anasema, kwa kutegemea taarifa za Uturuki, kwamba ilipangwa. Novemba 15 anasema aliuawa kwa kudungwa dawa, na kwamba uamuzi wa kuua aliufanya mkuu wa kikosi kilichotumwa kumrudisha.

Hesabu mwenyewe. Katika wiki sita maiti moja imetoka kwa miguu yake, imepigana ngumi, imepangiwa njama, kisha imeamuliwa palepale. Usijisumbue kuchagua ipi ni kweli. Kazi yako ni kuandika kauli iligeuka lini, na nini kilitokea saa chache kabla haijageuka. Ukisoma hivyo utaona mpangilio: kila walipovujisha Waturuki jambo moja, Riyadh ilirudi nyuma hatua moja, kiasi kilekile tu kilichokuwa hakishikiki tena. Palikuwa na kikosi cha watu 15 kilichotua siku hiyohiyo. Palikuwa na sauti zilizorekodiwa. Na palikuwa na mtu wa makamo aliyetokea mlango wa nyuma amevaa nguo za marehemu na ndevu za bandia, apite mbele ya kamera aonekane kama Khashoggi anaondoka. Nguo zilifanana. Viatu havikufanana, alikuwa na viatu vyake vya michezo.

Siku niliposoma habari ya vile viatu nilimkumbuka yule baba wa Tanga. Ile picha aliyoniuliza ilikuwepo kweli. Waliitengeneza kwa ajili ya watu kama mimi.

Basi kanuni yangu ni hii: ukitaka kujua nani anaendesha habari, usiandike tu aliyesema nini, andika aliyelazimika kusema nini. Kauli inayotoka kabla hujauliza ina uzito tofauti na ile inayotoka baada ya picha kuvuja.

Kuna kauli za kukana ambazo zinakana kwa mdomo mmoja na kujisifu kwa mwingine. Mwalimu wangu hapa ni kifo cha Patrick Karegeya. Huyu aliwahi kuwa mkuu wa ujasusi wa nje wa Rwanda, akagombana na wakubwa, akakimbilia Afrika Kusini na kushiriki kuanzisha chama cha upinzani. Januari 1, 2014 alikutwa amekufa chumbani Michelangelo Towers, Sandton, jijini Johannesburg, amenyongwa. Kamba na taulo lenye damu vikakutwa ndani ya kasha la chumba. Rwanda ilikana. Lakini ukurasa wangu wa wiki mbili zilizofuata ni huu: waziri wa ulinzi anamfananisha marehemu na mbwa aliyestahili kufa kimbwa; waziri mkuu anaandika mtandaoni kwamba kuisaliti nchi hakukosi matokeo; na Rais Kagame, katika hafla ya maombi Kigali, anawahakikishia wasikilizaji kwamba anayeisaliti nchi atalipa. Gazeti moja la Marekani likamuuliza moja kwa moja. Akajibu kwamba Rwanda haikumuua, ila yeye binafsi angetamani ingekuwa imemuua.

Watu wengi hudhani serikali iliyoua hutaka isijulikane. Ingekuwa hivyo, kazi yetu ingekuwa rahisi. Kauli ya aina hii ina wasikilizaji wawili. Polisi na mabalozi wa nchi za nje wanapewa "hatukufanya", ya kuwatosha wasivunje uhusiano. Wakimbizi wengine walioko Kampala, Brussels, Maputo, wanapewa ile nusu ya pili, nao wanaielewa vizuri sana. Ukitafsiri nusu moja tu kwa sababu ya dakika za taarifa kubana, umekuwa tarishi wa upande mmoja. Zote mbili ziende hewani, kwa mfuatano uleule. Sisemi kwamba kumtukana maiti ni ushahidi wa kumuua. Si ushahidi. Ni kauli, nayo ina ukurasa wake.

Kauli nyingine nitazipita haraka, maana ukishaijua mbegu utaitambua kila itakapoota. Kuna "wameuana wenyewe": Dk. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa hapahapa Dar, Oyster Bay, Februari 3, 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kwa posta. Mara moja watu wakatazama mifarakano ya FRELIMO, na mifarakano kweli ilikuwepo, ndiyo maana hoja ilinoga. Lakini polisi walipofuata betri za bomu, zilipelekea Lourenço Marques, Maputo ya leo, mji uliokuwa chini ya Wareno. Kuna pia "sisi ni watalii tu", yenye mapambo kupita kiasi. Warusi wawili waliotuhumiwa kumwekea sumu Sergei Skripal, jasusi wa zamani wa Urusi, mjini Salisbury, Uingereza, Machi 2018, walieleza kwenye televisheni kwamba walivutiwa na mnara wa kanisa wenye urefu wa mita 123. Mimi nimeishi Dar miaka yote hii na siwezi kukwambia Mnara wa Saa una mita ngapi. Na kuna "ni ugonjwa wa moyo", ambayo inataka maelezo kidogo.

Kim Jong-nam, kaka wa kiongozi wa Korea Kaskazini kwa baba, alipakwa sumu ya VX usoni uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, Februari 13, 2017. Ubalozi wa Korea Kaskazini ulisema aliyekufa ni raia aitwaye Kim Chol, kama pasipoti ilivyosema, na moyo ndio uliomwondoa. Mambo mawili waliyodai ni ya kutazamwa kila kesi: wapewe mwili, na mwili usipasuliwe. Malaysia ikapasua. Kwa hiyo katika siku tatu za kwanza uliza mwili uko wapi, nani anaudai, na kwa nini anafanya haraka. Swali hilo ni la polisi na hospitali. Mjane usimpigie simu siku hizo kumuuliza anamshuku nani. Kama anataka kusema atasema, na akisema, andika kwamba ni yeye aliyesema.

Hapo tunaingia kwenye ngazi, nazo zimewavunja miguu wengi. Tuhuma ya familia ni ngazi moja. Polisi kumtaja mshukiwa ni nyingine. Ripoti ya shirika la ujasusi, kama ile ya Marekani ya Februari 2021 iliyosema mwanamfalme aliidhinisha operesheni dhidi ya Khashoggi, ni tathmini ya wapelelezi. Hakuna aliyehojiwa kizimbani. Hukumu ya mahakama iko juu yake. Na hata hukumu isome mpaka mwisho. Kesi ya Sendashonga ilimalizika Nairobi mwaka 2001 kwa washtakiwa watatu kuachiwa huru, na jaji akasema aliyaona mauaji yale kuwa ya kisiasa. Ukiishia kwenye "waachiwa huru" umemwacha msikilizaji na nusu ya hukumu. Kesi ya Jenerali Kayumba Nyamwasa, mkuu wa zamani wa jeshi la Rwanda, aliyepigwa risasi Johannesburg Juni 2010 akapona, mwaka 2014 ilimalizika kwa Mnyarwanda mmoja na Watanzania watatu kufungwa miaka 8. Redio nyingi zilitaja Rwanda tu. Mimi nililazimika kuusoma ule mstari wa Watanzania watatu hewani, na sikuupenda, lakini niliusoma.

Mfano bora wa ngazi ni ripoti ya Jaji Robert Owen kuhusu Alexander Litvinenko, jasusi mtoro wa Urusi, aliyekunywa chai yenye polonium-210 katika hoteli moja London Novemba 1, 2006, akafa siku ya 23 ya mwezi huohuo. Ripoti ilitoka Januari 2016. Jaji alisema ana hakika kwamba waliotia sumu ni Andrei Lugovoi na Dmitri Kovtun. Kwamba waliongozwa na FSB, idara ya usalama ya Urusi, akasema uwezekano wake ni mkubwa sana. Kwamba mkuu wa idara na Rais Putin waliidhinisha, akateremka ngazi moja tena. Ngazi tatu hizo, kila moja na neno lake. Siku ile nilisikia matangazo matatu ya Kiswahili. La kwanza lilisema Putin "amepatikana na hatia", na hiyo haikuwa kesi ya jinai wala Putin hakuwa mshtakiwa. La pili lilisema "huenda" aliidhinisha, na huenda yetu ni nyepesi mno. Huenda ni mvua ya kesho. La tatu, ambalo halikuwa langu, lilisema "kwa uwezekano mkubwa zaidi aliidhinisha". Nikaliandika daftarini na tangu hapo nalitumia. Nawashukuru walionitangulia.

Sasa breki. Mei 29, 2018, habari zilisema mwandishi Arkady Babchenko, Mrusi aliyehamia Ukraine, amepigwa risasi mlangoni kwake Kyiv. Urusi ilikana. Nilifungua ukurasa, nikajaza safu tatu kwa wino, na nakiri nilishamhukumu mtu kichwani. Kesho yake Babchenko akaingia kwenye mkutano wa waandishi akitembea kwa miguu yake. Kifo kilikuwa mchezo wa idara ya usalama ya Ukraine, wakasema walikuwa wakinasa njama ya kumuua kweli. Kwamba njama ilikuwepo au haikuwepo, siku ile waliosema "hatujamuua" walikuwa sahihi kabisa. Tangu hapo safu tatu za kwanza naziandika kwa penseli kwa saa 24 za kwanza.

Penseli ilinisaidia Oktoba 2022, mwandishi wa Pakistani Arshad Sharif alipouawa na polisi Kenya, kaunti ya Kajiado. Polisi walisema walilifananisha gari lake na lililoibwa. Timu ya wachunguzi kutoka Pakistani ikasema yalipangwa. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ikatamka kwamba kumpiga risasi kulikuwa kinyume cha sheria, ikaamuru mjane alipwe shilingi milioni 10 za Kenya. Mahakama haikusema kwamba kuna serikali ya nje iliyotuma mtu. Basi nami sisemi.

Safu ya nne, basi. Hiyo hujazwa kwa yaliyofanyika, na maneno hayaruhusiwi humo. Mshukiwa alikabidhiwa au alifichwa? Kinga iliondolewa? Alipandishwa cheo, alipewa nishani, alirudishwa nyumbani? Lugovoi, mwaka mmoja baada ya kifo cha Litvinenko, alichaguliwa mbunge na kupata kinga, na mwaka 2015 Putin akampa nishani. Kesi ya watu 26 iliyokuwa ikisikilizwa Istanbul bila washtakiwa kuwepo, kuhusu Khashoggi, ilihamishiwa Saudi Arabia Aprili 2022, wakati Ankara na Riyadh wakitaka kupatana. Hizo ndizo sentensi za safu ya nne, na hazina kivumishi cha sifa hata kimoja.

Safu hii hutaka subira. Agosti 23, 2019, Zelimkhan Khangoshvili, Mchecheni raia wa Georgia aliyewahi kupigana na Warusi, alipigwa risasi mchana kweupe katika bustani ya Kleiner Tiergarten, Berlin, na mtu aliyekuja kwa baiskeli. Muuaji alikamatwa na pasipoti yenye jina la kubuni; jina lake halisi Vadim Krasikov. Moscow ikakana. Desemba 2021 mahakama ya Berlin ikamfunga maisha na kusema aliagizwa na dola ya Urusi; Moscow ikaiita hukumu ya kisiasa. Mwaka 2021 ukaisha, 2022, 2023. Nikastaafu. Agosti 1, 2024 Krasikov akarudishwa kwao katika kubadilishana wafungwa, na Putin akamlaki uwanja wa ndege kwa kumkumbatia. Kesho yake msemaji wa Kremlin akakiri kwamba Krasikov ni mtu wa FSB, wa kikosi cha Alfa. Nilikuwa jikoni nakuna nazi niliposikia. Nikanawa mikono, nikaenda kulitafuta daftari la tatu, nikajaza safu iliyokuwa tupu kwa miaka mitano kasoro wiki tatu.

Ukurasa wa Karegeya bado una nafasi. Mwaka 2019 uchunguzi wa kifo chake ulifunguliwa mahakama ya Randburg, wapelelezi wakaeleza kwamba washukiwa wana uhusiano wa karibu na serikali ya Rwanda, hati za kuwakamata Wanyarwanda wawili zikatolewa. Hapo safu ya nne ina mistari miwili. Chini yake nimeacha mistari tisa, na nimembandikia mjukuu wangu karatasi ya njano kwenye ukurasa huo ajue pa kuandika.